Kombe la besiboli Marekani: Dodgers wamelinunua au wamelijenga?

Los Angeles Dodgers ni mabingwa wa besiboli ya Marekani kwa misimu miwili mfululizo, 2024 na 2025. Jambo hilo halikuwa limetokea tangu New York Yankees walipochukua kombe mara tatu mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2000. Na kama ilivyo kwa kila timu tajiri inayoshinda, maneno yamekuwa mengi. Wapo wanaosema kombe limenunuliwa dukani, na wapo wanaosema pesa peke yake haijawahi kufunga bao.

Mabishano haya yametoka vijiweni na kuingia kwenye meza ya wakubwa. Mkataba wa jumla kati ya wamiliki wa timu na chama cha wachezaji unafikia mwisho tarehe 1 Desemba 2026, na baadhi ya wamiliki wamekwishasema hadharani kwamba wanataka ukomo wa mishahara, yaani kiwango ambacho timu haiwezi kukivuka hata ikiwa na pesa za kumwaga. Tunajua wasikilizaji wetu wengi ni watu wa mpira wa miguu. Lakini hoja iliyomo humu mnaijua vizuri: timu inayoshinda inatengenezwaje?

Kwanza maelezo mafupi kwa ambaye hajawahi kuona mchezo wenyewe. Timu moja inarusha mpira, nyingine inaupiga kwa gongo, kisha wanabadilishana. Mechi ina awamu 9, na zikienda sare zinaongezwa nyingine hadi mshindi apatikane. Mpigaji akiupeleka mpira nje ya uzio anazunguka vituo vyote bila kuguswa na kuandika pointi. Ligi kuu ina timu 30, kila moja inacheza mechi 162 kwa msimu, na timu 12 zinaingia kwenye mtoano. Fainali ni ya kushinda mechi nne kati ya saba.

Fainali ya 2025 ilifika mechi ya saba, tarehe 1 Novemba, mjini Toronto nchini Canada, Dodgers dhidi ya wenyeji Toronto Blue Jays. Tunaomba tuiangalie mechi hiyo kwa makini kidogo, maana ndani yake kuna jibu karibu lote.

Wanaume wanne, njia nne

Blue Jays walianza kwa kuongoza pointi 3 kwa 0. Hadi awamu ya nane walikuwa mbele kwa 4 kwa 2. Hapo Max Muncy wa Dodgers akaupeleka mpira nje ya uzio, ikawa 4 kwa 3. Awamu ya tisa, Toronto wakiwa wamebakiza kuwatoa wapigaji wawili tu wabebe kombe, Miguel Rojas naye akautoa mpira uwanjani. Sare. Awamu ya 11, Will Smith (huyu si yule mwigizaji wa filamu) akapiga pigo la namna hiyohiyo na kuwaweka Dodgers mbele kwa 5 kwa 4. Aliyekuja kufunga mlango ni mrushaji Yoshinobu Yamamoto, ambaye siku moja tu kabla alikuwa amerusha mipira 96 katika mechi ya sita. Kwa kawaida mrushaji aliyefanya kazi hiyo hupumzishwa siku kadhaa. Yamamoto alirudi kesho yake, akamaliza kazi, akatangazwa mchezaji bora wa fainali.

Sasa tuulize kila mmoja alifikaje pale.

Yamamoto alinunuliwa. Alitoka Japan mwishoni mwa 2023 kwa mkataba wa miaka 12 wenye thamani ya dola milioni 325. Timu zinazoweza kuweka fedha hizo mezani kwa mchezaji ambaye hajawahi kucheza Marekani zinahesabika kwa vidole.

Smith alilelewa. Dodgers walimchagua mwaka 2016 katika utaratibu wa timu kugawana vijana kwa zamu, unaoitwa drafti. Wengine 31 walikuwa wameshachaguliwa kabla yake. Wakamfundisha katika timu zao za chini, akapanda ngazi kwa ngazi.

Muncy aliokotwa. Mwaka 2017 timu yake ya Oakland ilimwacha, akawa hana pa kwenda, Dodgers wakamchukua kwa mkataba mdogo wa ligi za chini. Haikugharimu kitu cha maana.

Rojas, aliyekuwa na miaka 36, alikuja kwa kubadilishana na kijana mmoja ambaye Dodgers walimtoa kwa Miami. Mshahara wake ulikuwa karibu dola milioni 5, ambazo kwa ligi ile ni mshahara wa mtu wa benchi. Na kweli, sehemu kubwa ya fainali ile alikaa benchi.

Kwa hiyo anayesema Dodgers wamenunua kombe anamwona Yamamoto na kuwaacha wenzake watatu. Anayesema wamelijenga anawaona Smith na Muncy na kusahau kwamba bila Yamamoto mechi ya saba isingekuwepo, kwa sababu ndiye aliyeshinda mechi ya pili na ya sita pia.

Maoni yetu ni haya: pesa za Dodgers hazikuwapa ushindi moja kwa moja. Ziliwapa ruhusa ya kukosea. Timu maskini ikisajili vibaya mara moja, inakaa na kosa hilo miaka mitano. Dodgers wakikosea, wanaandika hundi nyingine.

Tazama mfano wa mrushaji Tanner Scott. Walimsajili kabla ya msimu wa 2025 kwa miaka minne na dola milioni 72, kazi yake ikiwa kulinda ushindi katika awamu ya mwisho. Mara 10 alipewa uongozi na akaupoteza. Kwenye kikosi cha fainali hakuwemo. Katika timu nyingine hilo lingekuwa janga la msimu mzima. Dodgers walimchukua Roki Sasaki, kijana Mjapani waliyemleta kama mrushaji wa kuanza mechi, wakamhamishia mwisho, na maisha yakaendelea.

Pesa zinatoka wapi

Mtu anaweza kuuliza kwa nini timu nyingine zisifanye hivyohivyo. Jibu liko kwenye televisheni. Dodgers wana mkataba wa matangazo wa miaka 25, ulioanza 2014, wenye thamani ya dola bilioni 8.35. Los Angeles ni jiji la pili kwa ukubwa Marekani. Milwaukee, Pittsburgh au Tampa hazina watazamaji wa kuvutia fedha kama hizo, hata viongozi wake wawe na akili kiasi gani.

Halafu kuna mkataba wa Shohei Ohtani, huyu Mjapani anayerusha na kupiga kwa kiwango cha juu, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa takriban miaka mia. Desemba 2023 alikubaliana na Dodgers dola milioni 700 kwa miaka 10. Lakini kila mwaka anapokea dola milioni 2 tu. Milioni 680 zilizobaki atalipwa kuanzia 2034 hadi 2043. Ni biashara ya mali kauli: chukua mzigo sasa, lipa baadaye. Kwa kuwa pesa ya baadaye inahesabiwa kwa thamani ndogo kuliko ya leo, kwenye vitabu vya ligi mkataba huo unaonekana kama dola milioni 46 hivi kwa mwaka badala ya 70. Kanuni zinaruhusu, na timu yoyote ingeweza kumwahidi hivyo. Ila mchezaji hukubali kukopesha kwa mtu anayeamini kwamba miaka 20 ijayo atakuwa bado na pesa.

Ligi haina ukomo wa mishahara. Ina kodi tu. Timu ikivuka kiwango fulani, kwa msimu wa 2025 kilikuwa dola milioni 241, inatozwa kwa kila dola inayozidi, na anayerudia mwaka hadi mwaka anatozwa zaidi. Dodgers walilipa zaidi ya dola milioni 100 za kodi hiyo kwa msimu wa 2024 pekee, wakaendelea kusajili kama kawaida.

Matajiri walioanguka

Lakini tusidanganyike. Pesa ikiwekwa ovyo inapotea kama maji kwenye mchanga. New York Mets wanamilikiwa na Steve Cohen, mmoja wa matajiri wakubwa kabisa katika mchezo huo. Desemba 2024 walimpa Juan Soto mkataba wa miaka 15 na dola milioni 765, mkubwa kuliko wowote uliowahi kutolewa. Soto mwenyewe alicheza vizuri. Timu ilimaliza msimu wa 2025 kwa kushinda 83 na kupoteza 79, ikakosa mtoano siku ya mwisho, kwa sababu warushaji wake waliishiwa pumzi katikati ya mwaka. Miaka miwili kabla, 2023, Mets hao hao walikuwa na kikosi ghali kuliko vyote na wakapoteza mechi 87.

Mfano unaotuuma zaidi ni wa Los Angeles Angels, majirani wa Dodgers. Kuanzia 2018 hadi 2023 walikuwa na Ohtani huyuhuyu pamoja na Mike Trout, wachezaji wawili ambao kila orodha ya walio bora zaidi iliwataja. Misimu sita. Hata mmoja hawakumaliza wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Besiboli haikuruhusu nyota mmoja aibebe timu mgongoni, maana mpigaji bora anasubiri zamu yake kama wenzake wanane, na mrushaji wa kuanza mechi hupanda kilimani mara moja kwa siku tano au sita. Kikosi cha mechi kina watu 26. Angels walikuwa na wawili.

Wajenzi wanaogonga dari

Upande wa pili wako wanaolea vipaji. Hapa ni lazima tueleze kanuni moja, kwa sababu bila hiyo hesabu haieleweki. Mchezaji anayeingia ligi kuu anamilikiwa na timu yake kwa takriban miaka sita ya huduma kabla ya kuwa huru kwenda anakotaka. Miaka mitatu ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini, ambacho 2025 kilikuwa dola 760,000. Ni pesa nyingi kwako na kwetu, lakini ni punje mbele ya milioni 40 anazolipwa nyota. Timu ndogo zinaishi katika dirisha hilo la miaka sita. Zinapata kijana, zinamfundisha, zinamtumia akiwa bei nafuu, na kabla hajawa huru zinamuuza ili zipate vijana wengine.

Milwaukee Brewers wanafanya kazi hiyo kuliko karibu wote. Msimu wa 2025 walishinda mechi 97, wengi kuliko timu nyingine yoyote katika ligi, kwa bajeti ambayo ni sehemu ndogo tu ya ile ya Dodgers. Walikutana na Dodgers mara sita katika msimu wa kawaida na kuwafunga zote sita. Mashabiki wao wakaamini mwaka umefika. Mtoano ulipowakutanisha tena, Dodgers walishinda 4 kwa 0. Brewers walipata pointi moja katika kila mechi, nne kwa jumla. Katika mechi ya nne Ohtani peke yake aliupeleka mpira nje ya uzio mara tatu na akawatoa wapigaji 10 kwa kuwakosesha mpira.

Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Msimu mrefu unapima upana wa kikosi: nani ana watu wa kutosha wa kiwango cha kati kufikisha mechi 162 bila kuanguka. Mtoano unapima kilele: nani ana warushaji wanne wasioguswa. Upana unaweza kulelewa kwa uvumilivu. Kilele ni ghali, na mwaka ule Dodgers waliwapumzisha warushaji wao wengi majeruhi katikati ya msimu, wakawarejesha wakati wa kuvuna. Nani mwingine ana uwezo wa kumlipa mtu mamilioni akae nje hadi Oktoba?

Wapo pia Tampa Bay Rays, waliofika fainali 2008 na 2020 wakiwa na bajeti ndogo na kupoteza zote mbili. Wapo Oakland wa mwaka 2002, walioshinda mechi 103, zikiwemo 20 mfululizo, kwa kutumia takwimu kutafuta wachezaji ambao wengine waliwadharau. Kitabu kiliandikwa, filamu ikachezwa na Brad Pitt. Mtoano walitolewa raundi ya kwanza. Na matajiri wakaajiri wataalamu wa takwimu kama wale, kwa mshahara mkubwa zaidi. Akili ya maskini ikawa na bei sokoni.

Hata hivyo, wapo wanaojificha nyuma ya umaskini. Pittsburgh Pirates walimpata Paul Skenes kwa kuwa wa kwanza kuchagua katika drafti ya 2023. Msimu wa 2025 alichaguliwa mrushaji bora wa nusu yake ya ligi, akiruhusu kwa wastani chini ya pointi mbili kwa mechi nzima. Unajua alishinda mechi ngapi? 10, akapoteza 10. Timu yake haikumfungia pointi. Pirates walipoteza 91 na kushika mkia katika kundi lao. Hawajaingia mtoano tangu 2015. Ukiwa na mrushaji wa namna hiyo anayelipwa karibu na kima cha chini, na bado hununui wapigaji wawili wa kumsaidia, kulalamikia Dodgers ni kutafuta pa kuegemea.

Hapa kuna jambo ambalo mashabiki wa mpira wa miguu watalishangaa: besiboli ya Marekani haina kushuka daraja. Ukishika mkia unabaki palepale, unapewa nafasi nzuri zaidi ya kuchagua vijana, na unapokea mgao, kwa sababu kila timu inachangia asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani kwenye mfuko unaogawanywa sawa kwa wote 30. Houston Astros walilitumia hilo waziwazi. Walipoteza mechi 106 mwaka 2011, 107 mwaka 2012 na 111 mwaka 2013, wakakusanya vijana, wakachukua kombe 2017. Baadaye ikabainika walikuwa wakiiba ishara za wapinzani kwa kutumia kamera, wakatozwa faini ya dola milioni 5 na kunyang'anywa nafasi za drafti. Ila ile sehemu ya kupoteza kwa miaka mitatu haikuwa kosa kwa kanuni yoyote.

Je, ukomo wa mishahara utasaidia?

Wamiliki wanasema ndiyo. Ligi za mpira wa kikapu na ule mpira wa Kimarekani zina ukomo. Chama cha wachezaji kinapinga kwa nguvu, na historia inaonyesha kwamba hakitanii. Mwaka 1994 wachezaji waligoma kwa sababu ya jambo hilihili, na fainali ya mwaka huo haikuchezwa kabisa. Mkataba uliopita ulipoisha Desemba 2021, wamiliki waliwafungia wachezaji milango kwa siku 99.

Sisi tunaona ukomo peke yake utapunguza mishahara bila kuamsha timu zilizolala. Dola ambayo Dodgers watazuiwa kumpa mchezaji haitakwenda Pittsburgh, itabaki mfukoni kwa mmiliki wa Los Angeles. Na tukumbuke kwamba kati ya Yankees wa 2000 na Dodgers wa sasa hakuna timu iliyotetea kombe, ingawa ukomo haukuwepo. Dodgers wenyewe walishinda mechi 111 mwaka 2022 na kutolewa na San Diego katika hatua yao ya kwanza ya mtoano. Mtoano mfupi una bahati ndani yake, na tajiri naye huchomwa.

Kinachotuvutia zaidi ni upande wa chini: kima cha lazima cha matumizi. Anayepokea mgao wa pamoja alazimishwe kuuweka uwanjani. Hilo lingewagusa wamiliki wanaopokea fedha za wenzao na kukaa kimya, na huenda ndiyo maana halipigiwi kelele sana kama lile la ukomo. Pia mapato ya televisheni, ambayo ndiyo mzizi wa tofauti yote, yangeweza kuuzwa kwa pamoja na kugawanywa. Los Angeles na New York zitakubali? Hapo ndipo ugomvi wa wamiliki wenyewe kwa wenyewe ulipo, kabla hata hawajakutana na wachezaji.

Kuna kipengele kimoja cha mazungumzo haya kinachofika hadi ukanda wetu. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kupeleka timu ya watoto kwenye fainali za dunia za Little League nchini Marekani, mwaka 2012, timu kutoka Lugazi. Miaka 10 baadaye, Dodgers walisajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, na kuwaanzisha katika ngazi za chini kabisa. Vijana kutoka nje ya Marekani, Canada na Puerto Rico hawapiti kwenye drafti. Wakitimiza umri, wanaweza kusaini na timu yoyote inayowataka. Ndiyo njia ile ile wanayopita vijana wa Dominican Republic na Venezuela.

Mwaka 2022 ligi ilitaka vijana wa kigeni nao waingizwe kwenye drafti yao. Pande mbili zilishindwana mwezi Julai na mpango ukafa. Ukirudi mezani safari hii na kupita, kijana wa Kampala hatachagua tena timu. Atachaguliwa, na atapewa bei iliyopangwa kulingana na nafasi yake kwenye foleni. Kwa nyota wa Dominican hiyo inaweza kuwa hasara. Kwa Mganda ambaye bado hana wakala wala skauti wa kumfuata hadi uwanjani, swali la kwanza ni kama jina lake litaingia kwenye orodha hiyo.